Balbu janja zinazimwa ukutani: niondoe swichi?

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, amenunua Kariakoo balbu janja nane, zile za kuwashwa kwa simu. Tatu amefunga sebuleni, moja chumbani kwake, mbili kwenye korido na mbili barazani. "Mtaalamu, zimenishinda," anaandika. "Mama yangu mzazi anaishi nasi, na kila akitoka sebuleni anazima ukutani. Nikishika simu naambiwa taa haipatikani. Usiku umeme ukikatika ukarudi, ya chumbani inawaka yenyewe kwa mwanga wote, na mtoto mchanga anaamka. Za korido siku hizi zinawakawaka zenyewe na zimepotea kwenye programu. Fundi anashauri tutoe swichi zote, tuunganishe nyaya moja kwa moja, tuzibe kwa kava tupu. Nyumba ni yetu, hatujapanga. Nimkubalie?"

Usimkubalie, ndugu yangu. Angalau si kwa nyumba nzima, na si kwa namna aliyoisema.

Ukiipasua balbu janja iliyokufa utakuta vitu vitatu ndani: bamba la LED, saketi ya kushusha umeme wa volti 230, na kompyuta ndogo sana yenye redio ya waifai. Hicho cha tatu ndicho kinachosikiliza simu yako, na kinakula umeme uleule unaopita kwenye swichi ya ukutani. Swichi ikizimwa, redio nayo inakufa. Hapo hata ukisimama chini ya taa na simu mkononi, hakuna wa kupokea amri. Programu inaposema taa haipatikani inasema kweli tupu.

Kwa hiyo mama hana kosa. Amezima taa ukutani maisha yake yote, palepale mlangoni ambapo mkono hufika gizani bila kutafuta. Wewe ndiye uliyeleta kifaa kinachotaka swichi isiguswe kamwe, ukakifunga kwenye nyumba yenye swichi kila mlango. Kubandika karatasi ya gundi juu ya swichi na kuandika "usizime" ni kuanzisha ugomvi na mama, dada wa kazi, watoto na kila mgeni atakayekuja Idi au Krismasi, na utashindwa wewe.

Msimamo wangu ni huu, na yote yanayofuata yanatoka hapo: kwenye nyumba ya watu wengi, akili iwekwe ukutani, balbu ziwe za kawaida. Balbu janja ibaki pale tu unapotaka kitu ambacho swichi haiwezi kukupa, yaani rangi, au mwanga wa kupunguza na kuongeza.

Kabla ya kufungua boksi lolote, tumalize yale ambayo hayahitaji bisibisi.

La usiku dawa yake ni ya bure. Balbu haiwezi kutofautisha mtu aliyebonyeza swichi na TANESCO waliorudisha umeme. Inachojua ni kwamba umeme haukuwepo, sasa upo. Kiwandani imepangwa iwake, tena kwa nguvu zote, kwa sababu mtengenezaji alimfikiria mtu anayeingia chumbani na kubonyeza swichi. Akikuta giza atairudisha dukani. Kwenye miji ambayo umeme kukatika ni habari ya gazeti, uamuzi huo haumuumizi mtu. Hata balbu janja ya Philips Hue, iliyoingia sokoni 2012, ilikaa mpaka mwishoni mwa 2018 ndipo ikawapa wateja uwezo wa kuchagua balbu ifanye nini umeme unaporudi.

Ingia kwenye programu, fungua balbu ya chumbani, nenda kwenye mipangilio yake na utafute sehemu inayohusu hali ya taa baada ya umeme kurudi. Kwa kawaida kuna chaguo la kuwaka, la kurudi ilivyokuwa, na pengine la kiwango unachokiweka mwenyewe. Chagua irudi ilivyokuwa. Ikiwa ulikuwa umeizima kwa simu, itarudi ikiwa imezimwa na mtoto ataendelea kulala. Balbu nyingi za familia ya Tuya, zile za programu ya Smart Life zinazouzwa kwa majina kemkem, zina pia mpangilio wa kutosumbua. Ukiuwasha, umeme ukirudi taa inakaa kimya, na mtu anayetaka iwake kwa swichi lazima azime na kuwasha tena. Kwa chumba cha kulala mpangilio huo ni mzuri sana. Sebuleni usiuweke: mgeni atabonyeza mara moja, atakuta giza, atakwambia balbu imeungua.

Kama balbu zako hazina mpangilio wowote wa namna hiyo, na za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina, basi hizo si za chumba cha kulala. Hakuna ujanja mwingine.

Za korido hazijaharibika. Balbu haina kitufe, basi mtengenezaji ameifanya swichi yako ya ukutani kuwa kitufe cha kuirudisha upya. Zima washa, zima washa, zima washa kwa haraka, baadhi mara tatu, baadhi mara tano, na balbu inasahau nenosiri la waifai yako, inaanza kuwakawaka ikisubiri kusajiliwa kana kwamba imetoka dukani leo. Korido yako, bila shaka, ina swichi mbili, moja kila mwisho. Watoto wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakishaanza mchezo wa kuwashiana na kuzimiana, balbu haidumu kwenye programu hata wiki. Umeme unaorudi na kukatika mara kadhaa ndani ya dakika moja nao unafanya kazi hiyohiyo bila mtoto. Unaweza kuzisajili upya sasa hivi, ukihakikisha simu iko kwenye waifai ya gigahezi 2.4 na si ile ya gigahezi 5, maana redio za balbu hizi kwa kawaida haziioni ya pili. Lakini zitapotea tena. Korido ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka balbu janja, nami ningezitoa.

Kuna suala la LUKU, ambalo nadhani ndilo linalomfanya mama azime. Balbu janja iliyozimwa kwa simu haijazimwa kabisa, redio yake inaendelea kula. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Septemba 2021 inataka ulaji huo usizidi nusu wati kwa balbu. Tuchukue nusu wati: kwa mwaka ni uniti 4.4 hivi kwa kila balbu. Uniti moja ukiihesabu shilingi 350, ni kama shilingi 1,500 kwa mwaka, na balbu nane zinafika 12,000. Si pesa ya kukosesha usingizi. Ila kwa msomaji mwingine anayetumia sola na betri, nane hizo ni karibu wati-saa 96 kila siku zinazoondoka bila kumulika chochote, na kwenye mfumo mdogo hizo zina uzito. Balbu zisizo na jina zinaweza kula zaidi ya nusu wati, maana hakuna aliyezipima kabla hazijapanda meli.

Sasa fundi wako. Anachopendekeza kinafanya kazi kiumeme: akiunganisha nyaya mbili za swichi, balbu itapata umeme saa zote na simu haitalalamika tena. Lakini angalia unachokipoteza. Siku ruta imezimika au bando limekwisha, utawashaje taa? Balbu kadhaa huendelea kupokea amri za simu ndani ya nyumba bila intaneti, nyingine hazikubali. Balbu ikikwama, itarudishwaje upya bila swichi? Na la muhimu kuliko hayo: taa iliyozimwa kwa simu bado ina umeme kwenye holda. Atakayepanda kiti kubadilisha balbu, akiamini imezimwa kwa sababu haiwaki, atakuta pini za holda zina moto, yaani umeme unaopiga. Swichi ya ukutani ilikuwa inakata moto huo. Ukiiondoa, kila anayebadilisha balbu lazima ashuke mpaka meni swichi, na sote tunajua kwamba hatashuka.

Kuna namna moja ya kuunganisha nyaya ambayo ni ya kistaarabu, na si ya fundi wako. Hue wana kidude kilichotoka 2021, kidogo, cha betri ya CR2450, kinachoingia nyuma ya swichi uliyonayo. Nyaya za umeme zinaunganishwa pamoja, na swichi inabaki ukutani ikiwa imefungwa kwenye kidude hicho peke yake. Mama anabonyeza vilevile, swichi inalia vilevile, ila badala ya kukata umeme, kidude kinatuma ujumbe kwa balbu. Ni suluhisho zuri kwa mwenye balbu za Hue na moyo wa kulipa bei ya Hue. Kwa balbu zako haifai, na hata hapo lile onyo la holda yenye moto linabaki palepale.

Kinachokufaa sebuleni, kwenye korido na barazani ni rilei janja. Hiki ni kidude cha ukubwa wa kiberiti kidogo, unene wa milimita 16 hadi 20, kinachofichwa ndani ya boksi nyuma ya swichi yako ya kawaida. Sonoff Mini na Shelly ndizo zinazojulikana zaidi. Kinapokea umeme saa zote, kina waifai yake, na ndicho kinachowasha na kuzima balbu za kawaida. Swichi inakiambia kibadilishe hali, na simu inakiambia vilevile. Mama anazima ukutani, simu yako inaonyesha imezimwa. Unawasha kwa simu ukiwa kazini, mama akibonyeza inazimika. Hakuna anayemfungia mwenzake. Zaidi ya hapo, kidude kimoja kinatawala taa zote tatu za sebule kwa pamoja, na balbu ikiungua unanunua ya kawaida ya wati 9 duka la jirani. Humo pia mna mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi; weka ibaki imezimwa.

Zipo pia swichi janja kamili, za kioo na za kugusa, zinazochukua nafasi ya swichi nzima. Zinapendeza. Mimi napendelea rilei nyuma ya swichi ya kawaida kwa sababu ikifa, na ipo siku itakufa, fundi yeyote anaitoa, anarudisha nyaya mbili kwenye swichi, na nyumba inaendelea. Kioo cha kugusa kikifa unabaki na tundu ukutani na kumtafuta muuzaji ambaye ameshahamia biashara ya simu.

Ugumu uko kwenye waya mmoja, nyutro (ndio unaorudisha umeme; unaouleta huitwa moto), na hapa naomba usome taratibu, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Rilei, kama kifaa chochote chenye kompyuta ndani, inahitaji moto na nyutro ili iishi. Swichi ya kawaida haihitaji nyutro: inapokea moto kwa waya mmoja na kuupeleka kwenye taa kwa waya mwingine. Kwa hiyo nyumba zetu nyingi, zilizofungwa kwa utaratibu tuliourithi kwa Waingereza, zina nyutro juu darini kwenye taa, na ndani ya boksi la swichi zimo nyaya mbili tu za kazi, pengine na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Zima meni swichi, fungua skrubu mbili za swichi ya sebule, ivute taratibu. Ukiona waya unaingia kwenye swichi na mwingine unatoka, na nyuma hakuna kingine, huna nyutro hapo. Ukiona nyuma kabisa fundo la nyaya nyeusi au za bluu zimebanwa kwenye konekta bila kugusa swichi, hiyo ndiyo nyutro, na una bahati.

Sasa mtego. Nyumba iliyovutiwa waya bapa wenye nyaya mbili ndani yake, mwekundu na mweusi, itakuonyesha mweusi ukiingia kwenye swichi. Fundi mwenye haraka atasema, "nyutro hii hapa." Siyo. Mweusi huo ni njia ya moto kurudi kwenye taa, aliyeufunga alitumia rangi aliyokuwa nayo. Kwenye swichi ya kawaida iliyofungwa sawasawa, waya wowote uliobanwa na skrubu ya swichi si nyutro, hata uwe na rangi gani. Testa ya bisibisi inaweza kumdanganya fundi hapa: swichi ikiwa imezimwa, mweusi ule haung'ari vizuri, basi anahitimisha kwamba ni nyutro. Njia ya uhakika ni kutoa balbu zote za sakiti hiyo kwenye holda, kisha kuweka taa ya majaribio kati ya moto na waya unaoshukiwa. Ikiwaka, na waya huo si ethi, ni nyutro. Isipowaka, ulikuwa ni waya wa taa. Kazi hii inafanywa kukiwa na umeme, kwa hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, wewe simama pembeni umshikie tochi.

Jambo jingine usilokubali hata akikuapia: kutumia ethi badala ya nyutro. Itafanya kazi, na ndiyo sababu wengi wanaifanya. Rilei itawaka, simu itaiona, fundi atalipwa na kuondoka. Lakini tangu siku hiyo ethi ya nyumba inabeba umeme. Ikikatika mahali, au kama fimbo ya ethi imeliwa na chumvi kama ilivyo kwa nyumba nyingi za pwani, vyuma vyote vilivyofungwa kwenye ethi hiyo, jokofu, pasi, jiko, vinaweza kushika umeme. Na kama meni swichi yako ina kifaa cha kukata umeme unaovuja, kitakuwa kinaruka bila sababu inayoonekana. Vilevile asiazime nyutro ya soketi iliyo karibu. Nyutro iwe ya sakiti ileile ya taa, basi.

Kama boksi halina nyutro, njia ziko mbili zenye akili. Ya kwanza, rilei isikae kwenye swichi, ikae juu darini penye taa, ambako nyutro ipo tayari. Nyaya mbili zinazoshuka kwenye swichi zinageuzwa kuwa za kuipa rilei ishara. Kwa nyumba yenye dari ya jipsamu au mbao, ambayo fundi anaweza kupanda juu yake au kuingiza mkono kwenye tundu la taa, hii ndiyo ninayoipenda. Rilei iwekwe ndani ya boksi lake, isiachwe ikining'inia juu ya mbao. Ya pili ni kununua rilei iliyotengenezwa kufanya kazi bila nyutro, na zipo kwa Sonoff na kwa Shelly pia. Hizi zinajilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Kwa balbu za zamani za waya wa ndani hilo halikuonekana. LED ni nyepesi mno, umeme huo kidogo unatosha kuifanya imulike kwa mbali au kupepesa usiku. Dawa yake ni kapasita ndogo inayofungwa sambamba na taa, na wakati mwingine huja ndani ya boksi la rilei. Usiitupe ukidhani ni kipuri cha ziada.

Hapohapo nieleze jambo linalofanana nalo kwa dalili. Kama LED zako za kawaida zinamulika hafifu zikiwa zimezimwa, na hakuna kifaa janja chochote, mwambie fundi aangalie kama swichi inakata nyutro badala ya moto. Nimekuta hilo kwenye nyumba mpya na za zamani. Taa inawaka na kuzimika vizuri tu, lakini holda ina moto saa zote. Lirekebishwe kwanza, ndipo mambo ya simu yafuate.

Korido yenye swichi mbili ina nyaya tatu kwenye kila swichi, na rilei nyingi zinaikubali bila shida, ila mchoro unatofautiana kwa kampuni. Kwenye Sonoff Mini, vituo viwili vya swichi, yaani pale zinapobanwa nyaya zake, havitaki umeme wowote kutoka nje. Nyaya zinazokwenda huko ziwe zimeondolewa kwenye moto kabisa, ama sivyo kidude kinaungua sekunde hiyo. Kwenye Shelly 1, kituo cha swichi kinataka moto wa volti 230. Fundi aliyezoea kimoja akifunga kingine kwa mazoea, unanunua kipya. Mchoro umo kwenye karatasi ndani ya boksi. Mpe ausome mbele yako, hata akikunja uso.

Pima pia kina cha boksi la swichi kabla hujanunua. La milimita 16 haliingizi kitu. La 25 linaingiza kwa kusukumana, na kusukuma nyaya kwa nguvu ndiko kunakolegeza skrubu na kuleta joto. La milimita 35 ndilo la raha. Kama yako ni mafupi, rilei iende darini.

Usifunge rilei janja na balbu janja kwenye njia moja ukidhani utapata ujanja mara mbili. Rilei ikizima, balbu inakufa, umerudi kwa mama na swichi yake. Isipokuwa rilei ina hali ya kutenganishwa, ambapo haikati umeme ila inatuma tu ujumbe swichi inapobonyezwa. Shelly wanayo, na Sonoff wameiweka kwenye matoleo ya karibuni. Ni njia nzuri kwa anayetaka rangi sebuleni na swichi ifanye kazi, lakini inahitaji mtu mwenye subira ya kupanga mambo kwenye programu, na siwezi kuipendekeza kwa nyumba ambayo wewe peke yako ndiye unayejua nenosiri.

Dima ya ukutani, ile ya kuzungusha, isikae na balbu janja kabisa. Inakatakata umeme ili kupunguza mwanga, na saketi ya balbu haijui ifanye nini na vipande hivyo. Itapepesa, italia, kisha itakufa. Kidhibiti cha feni vivyo hivyo.

Kwa chumbani ambako balbu janja inabaki, nunua kitufe kisichotumia waya, cha betri, kinachobandikwa ukutani kando ya swichi au kuwekwa juu ya meza ya kitandani. Hakikisha kinaongea lugha moja na balbu zako: vitufe vingi ni vya Zigbee, redio ya aina nyingine, na vinataka kituo chao, kisanduku kinachopokea ujumbe wao; balbu zako ni za waifai. Muuzaji akisema "vyote ni smart, vitakubaliana", mwambie akufungie pale dukani uone. Kuhusu vile vifuniko vya kupachika juu ya swichi unavyoona kwenye video za Marekani, usiviagize. Vingi vimetengenezwa kwa swichi zao zenye kijiti kinachochomoza, kwetu swichi ni bapa, na havishiki.

Kwa wenye balbu za Zigbee, Hue au IKEA, niongeze moja tu. Balbu hizo hupokezana ujumbe, ya mbali inaongea na kituo kupitia ya karibu. Ukizima moja ukutani unaweza kuipoteza nyingine ambayo hujaigusa, ukabaki unamlaumu muuzaji bure.

Barazani sioni kwa nini utumie simu. Unataka taa iwake jua likizama na izime kukikucha. Hiyo ni kazi ya fotoseli, kifaa cha bei nafuu kisichohitaji waifai, bando wala nenosiri, na umeme ukirudi saa nane usiku kinajua bado ni usiku. Balbu janja kwenye taa ya nje iliyofunikwa na kioo hufa mapema kwa sababu joto halina pa kutokea na redio iko palepale juu ya joto hilo. Kama kioo hakijaziba sawasawa, unyevu unamalizia.

Basi kwa nyumba yako: mwite fundi aangalie sebule na korido kama kuna nyutro, na umwambie mapema kwamba swichi haziondoki. Nunua rilei mbili, moja ya sebule na moja ya korido, uweke balbu za kawaida. Fotoseli moja iende barazani. Balbu janja zinazorudi kwako ni saba. Mbili weka kwenye taa za mezani, moja sebuleni na moja chumba cha mama, ukipanga ya mama iwake hafifu saa kumi na moja alfajiri akiamka kuswali au kujiandaa. Taa za mezani huchomekwa kwenye soketi na hakuna anayezima soketi kwa mazoea. Zinazobaki ziweke kabatini. Ila kabla hujaziweka, angalia shina: kama ni za kuzungusha na holda za vyumba vyako ni za pini, nunua na adapta sasa, maana siku ya chumbani ikiungua itakuwa usiku.